Hakujua siku aliyozaliwa, lakini kila Februari anafanyiwa bathdei

Shosho yangu alizaliwa Januari mosi. Jirani yake pia Januari mosi. Pitia vitambulisho vya wazee wa kijiji chetu utadhani zamani Wakenya walikuwa wakizaliwa siku moja tu kwa mwaka. Sote tunajua ilivyokuwa. Karani aliuliza tarehe, mzee akasema alizaliwa wakati wa nzige, karani akaandika mosi Januari na kuita anayefuata kwenye foleni. Sisi wajukuu tumeifanyia mzaha miaka nenda miaka rudi.

Mzaha huo uliniishia nilipoanza kusoma kuhusu Frederick Douglass.

Jijini Washington, Marekani, ukivuka mto Anacostia unakuta kilima, na juu ya kilima kuna nyumba kubwa yenye baraza mbele. Inaitwa Cedar Hill. Ni makavazi siku hizi. Kila mwaka karibu na Februari 14, wakati sisi huku tunasukumana kwa maua ya bei ya kupandishwa, watu wa huko hukumbuka siku ya kuzaliwa ya mwenye nyumba. Kunakuwa na hotuba, nyimbo, na mwigizaji aliyevaa koti refu jeusi na kujitengeneza nywele nyeupe za kusimama, akiongea na wageni kana kwamba yeye ndiye Douglass na hajafa. Hapo unaweza kumrushia swali na atakujibu akiwa bado ndani ya mwaka elfu moja mia nane na kitu.

Si bathdei peke yake. Kuna pia mashindano ya wanafunzi, kuanzia watoto wa darasa la kwanza hadi wa sekondari, ambapo kila mmoja anakariri kipande cha hotuba ya Douglass mbele ya majaji. Ukiwahi kusimama kwenye tamasha za muziki na drama hapa kwetu ukiwa na shairi kichwani na magoti yakitetemeka, unaelewa. Na kila Julai, miji kadhaa ya Marekani hukusanya watu kusoma kwa zamu hotuba aliyoitoa Julai 5, 1852 mjini Rochester, ile aliyowauliza Wamarekani weupe wanamwalika mtumwa kusherehekea uhuru wa nani.

Mimi sijafika Washington. Stori ya viza tuiache. Lakini nimeisoma maisha ya huyu msee mpaka nimejua vyumba vya nyumba yake kuliko ninavyojua vya mwenye ploti wangu, na kuna kitu kwenye hiyo bathdei ambacho sikukitarajia.

Alizaliwa mtumwa huko Maryland, upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake, na jina alilopewa lilikuwa refu kuliko maisha aliyopangiwa: Frederick Augustus Washington Bailey. Mtumwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alikuwa mstari kwenye daftari la bwana, pamoja na ng'ombe na majembe. Mamake, Harriet Bailey, alikuwa akifanya kazi shamba lingine umbali wa maili kumi na mbili hivi. Akitaka kumwona mwanawe ilibidi atembee usiku baada ya kazi, alale naye kidogo, kisha arudi kabla jua halijachomoza, maana kuchelewa shambani kulikuwa kuchapwa. Mtoto alilelewa na nyanyake, Betsy, mpaka alipofika umri wa miaka sita hivi. Siku hiyo nyanyake alimshika mkono wakatembea hadi nyumba kubwa ya bwana, akamwambia aende acheze na watoto wenzake. Alipogeuka, nyanya hayuko. Alikuwa ameamriwa amlete na amwache.

Usiku mmoja katika nyumba hiyo, mpishi alikuwa amemnyima chakula kutwa nzima. Kwa bahati mamake akatokea, akamgombeza mpishi, akampa mtoto keki ya tangawizi yenye umbo la moyo. Alimwita Valentine wake. Asubuhi alikuwa ameshaondoka, na si muda mrefu baadaye akafa. Kijana hakuruhusiwa hata kumzika. Alipokua na kutakiwa kuwa na tarehe kama watu wengine, alirudi kwenye ile keki. Akachagua Februari 14.

Kwa hivyo tarehe inayosherehekewa ni makadirio. Mtoto aliikadiria kutokana na usiku mmoja aliobembelezwa.

Miaka ya katikati mnaweza kuisoma popote kwa hivyo nitakimbia kidogo, lakini hii ya masomo siiruki. Akiwa na miaka minane hivi, mwaka 1826, alipelekwa Baltimore kwa familia ya Hugh na Sophia Auld. Sophia alianza kumfundisha herufi. Mumewe alipogundua akamkomesha papo hapo, akisema mtumwa akijua kusoma hatakalika tena. Frederick alisikia. Kile alichokatazwa ndicho akaamua kukitafuta. Alikuwa akitoka nyumbani na mkate mfukoni, anawapa watoto weupe maskini wa mtaani, nao wanamfundisha neno moja moja. Akiwa na miaka kumi na miwili au mitatu alikuwa ameokoteza senti hamsini kwa kung'arisha viatu, akanunua kitabu cha hotuba kilichoitwa The Columbian Orator, kile kile ambacho watoto wa matajiri walikuwa wakikaririshwa shuleni. Ndiyo maana yale mashindano ya kukariri hapo Cedar Hill yananikaa sana. Watoto wanakariri hotuba za mtu aliyejifunza kuhutubu kwa kukariri hotuba za wengine, tena kwa siri.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa kabisa kujipanga. Watu wakisikia hivyo wananitajia matajiri wa kompyuta walioacha vyuo wakatoboa. Asanteni, lakini hao walikuwa na wazazi wa kuwarudisha nyumbani. Douglass hakuwahi kukaa darasani hata siku moja kama mwanafunzi, na hakuna mahali popote alipowaambia vijana kuwa shule haina maana. Aliiba masomo kwa sababu alijua thamani yake.

Akiwa kijana alirudishwa mashambani, akakodishwa mwaka 1834 kwa Edward Covey, mkulima aliyekuwa na sifa ya kuvunja watumwa wabishi. Covey alimchapa kwa miezi. Siku moja Frederick akakataa, wakapigana karibu saa mbili, na Covey hakumgusa tena. Jaribio lake la kwanza la kutoroka mwaka 1836 liliishia jela. Akarudishwa Baltimore kufanya kazi bandarini ya kukalafati meli, yaani kuziba nyufa za mbao zisiingize maji, na mshahara wake wote ukaingia mfuko wa bwana.

Hapo ndipo Anna Murray anaingia, na naomba tusimpite haraka kama vitabu vingi vinavyompita. Anna alikuwa mwanamke mweusi huru, alizaliwa huru, alifanya kazi za ndani Baltimore na alikuwa na akiba yake. Ni yeye aliyetoa pesa za safari; inasemekana aliuza hata godoro lake la manyoya. Nguo za baharia alizovaa Frederick, Anna alikuwa na mkono wake pale. Septemba 3, 1838, kijana wa miaka ishirini alipanda treni Baltimore na karatasi za kuazima za baharia mweusi huru, ambazo maelezo yake hayakufanana naye. Kondakta alizitupia jicho tu, akaendelea. Treni, kivuko, meli ya mvuke, treni tena, na chini ya saa ishirini na nne alikuwa New York. Anna akamfuata, wakaoana Septemba 15. Walipofika New Bedford walibadilisha jina ili wasifuatiliwe, wakawa akina Douglass.

Yaliyofuata ndiyo yaliyomfanya maarufu. Alisimama Nantucket mwaka 1841 akihutubia wapinga utumwa, na kutoka siku hiyo hakunyamaza. Kitabu chake cha kwanza cha maisha yake kilitoka 1845, kikitaja majina ya mabwana na mahali, jambo ambalo lilikuwa sawa na kuwatumia lokesheni. Ikabidi akimbilie Ireland na Uingereza karibu miaka miwili. Marafiki zake huko walichanga pauni 150 wakamnunua kutoka kwa akina Auld mwishoni mwa 1846, ili arudi nyumbani kama mtu huru kisheria. Kuna wanaharakati wenzake waliokasirika, ati kumlipa mwizi ni kukubali kuwa mali ilikuwa yake. Rahisi kusema hivyo kama hakuna anayekuwinda. Akarudi, akaanzisha gazeti la North Star huko Rochester, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka akasajili wanajeshi weusi, wa kwanza wakiwa wanawe wawili, Lewis na Charles. Akakutana na Abraham Lincoln ikulu akadai askari weusi walipwe sawa na weupe.

Na kitu kingine cha watu wa kamera: Douglass ndiye Mmarekani aliyepigwa picha nyingi zaidi karne ya kumi na tisa. Picha zaidi ya mia moja na sitini zinajulikana. Karibu zote hatabasamu. Magazeti ya wakati huo yalichora watu weusi wakikenua kama vikaragosi, naye hakutaka kuwapa nafasi.

Sasa twende mwaka 1877, mwaka ninaoupenda kuliko yote katika maisha yake.

Rais Hayes alimteua kuwa Marshal wa Marekani jijini Washington, cheo cha mahakama ambacho mtu mweusi alikuwa hajawahi kukishika. Juni mwaka huo akarudi Maryland, St. Michaels, kumwona Thomas Auld, yule aliyewahi kummiliki. Auld alikuwa mzee wa kitandani, mikono ikimtetemeka. Alimwita kwa cheo, Marshal. Douglass akamwambia amwite Frederick kama zamani. Mzee alilia. Miaka mingi kabla, Douglass alikuwa amemshutumu hadharani kwamba alimtupa nyanyake Betsy afe peke yake msituni. Auld akamweleza kuwa Betsy hakuwa wake, na kwamba alipopata habari alimchukua akamtunza. Douglass akakubali kuwa alikosea.

Kisha akauliza swali alilolibeba tangu utotoni: mimi nilizaliwa lini? Marshal wa Marekani, umri karibu miaka sitini, amepiga hodi kwa aliyekuwa bwana wake kuuliza siku yake ya kuzaliwa. Auld akasema siku haijui, lakini anafikiri ilikuwa Februari 1818. Baadaye sana, Douglass akiwa ameshalala kaburini, daftari la zamani la bwana lilithibitisha mwezi na mwaka huo. Tarehe kamili haikupatikana.

Miezi michache baada ya safari hiyo, Septemba, alinunua Cedar Hill kwa dola 6,700. Nyumba ilijengwa na John Van Hook, mmoja wa watu walioanzisha mtaa ulio chini ya kilima wakiweka sharti kuwa ploti zake zisiuzwe kwa mtu mweusi wala kwa Mwairishi. Van Hook alifilisika. Nyumba yake ikaishia kwa mtu aliyewahi kuorodheshwa pamoja na ng'ombe, na kutoka barazani mwenye nyumba mpya aliweza kuona kuba la bunge ng'ambo ya mto. Aliongeza vyumba hadi vikafika ishirini na kimoja. Ndani kuna vitabu, fidla, mkongojo uliokuwa wa Lincoln aliopewa na mjane wa Lincoln, na chumbani kwake kuna vyuma vya mazoezi, maana mzee alikuwa ananyanyua. Nyuma ya nyumba alijijengea kibanda cha mawe kisicho na dirisha, akakipa jina lenye maana ya pango la kunguruma. Huko ndiko alikojifungia kuandika, mbali na wajukuu.

Anna aliishi hapo miaka minne tu. Alifariki Agosti 1882. Alikuwa amemzalia watoto watano, ameshona viatu vya kulipwa wakati mumewe akizunguka na hotuba, na kuwapa watumwa waliotoroka mahali pa kulala katika nyumba yao ya Rochester. Kusoma hakuwahi kujifunza ipasavyo. Mume anaingia ikulu, mke nyumbani na hesabu za unga. Sitasema zaidi, ila binti yao Rosetta aliona haja ya kuandika kumbukumbu ya mamake ili watu wasimsahau, na hilo linatosha kuonyesha walikuwa wameshaanza kumsahau.

Januari 1884 Douglass akaoa tena. Bibi harusi alikuwa Helen Pitts, karani katika ofisi yake ya usajili wa hati za ardhi, mwanamke mweupe, mdogo kwake kwa miaka ishirini hivi. Hapo moto ukawaka pande zote. Weupe walikasirika. Weusi wengi walihisi amewadharau. Watoto wake waliona ni tusi kwa mama yao aliyekuwa hajamaliza miaka miwili kaburini. Babake Helen, mpinga utumwa wa miaka mingi aliyejivunia kumjua Douglass, hakumkubali kama mkwe. Kupigania uhuru wa mtu ni kitu kimoja, kumpa binti yako kumbe ni kingine.

Februari 20, 1895, Douglass alihudhuria mkutano wa wanawake waliopigania haki zao, akarudi Cedar Hill, akawa anamsimulia Helen yaliyosemwa huku wakisubiri gari la farasi limpeleke kanisani kuhutubu. Akaanguka pale ukumbini. Umri wake, kama Auld alikuwa sahihi, miaka 77. Siku sita baada ya ile bathdei aliyojichagulia.

Sasa kile ambacho sikukitarajia. Douglass aliandika wosia kumwachia Helen nyumba. Sheria ya Washington ilitaka mashahidi watatu kwa mali ya ardhi. Wosia ulikuwa na wawili. Yaani mtu aliyekuwa msajili wa hati za ardhi wa jiji hilo hilo! Watoto walitaka nyumba iuzwe na pesa zigawanywe, na kisheria walikuwa na haki. Siwalaumu sana. Kwao ile ilikuwa nyumba ambayo mama yao alifia, na sasa mama wa kambo ndiye anashika funguo.

Helen alikopa pesa akawanunua hisa zao, nyumba ikawekwa rehani. Angeweza kuchukua chake akarudi kwao New York akaishi polepole. Badala yake alizunguka akitoa mihadhara ya kulipwa ili kulipa deni, akiwa mjane aliyechukiwa na pande zote mbili. Alitaka Cedar Hill iwe kwa Wamarekani weusi kama ilivyo Mount Vernon, nyumba ya George Washington, ambayo kikundi cha wanawake kilikuwa kimeinunua na kuihifadhi. Mwaka 1900 bunge likapitisha sheria ya kuunda chama cha kuitunza. Helen alifariki 1903. Deni halikuwa limeisha.

Lililomaliza deni ni harambee. Chama cha kitaifa cha wanawake weusi, kikiongozwa na Mary Talbert, kiliichukua nyumba mwaka 1916, wakachanga kidogo kidogo kama akina mama wa chama chochote unachokijua. Madam C. J. Walker, yule wa mafuta ya nywele, alikuwa kati ya waliotoa kubwa. Mwaka 1918 karatasi ya rehani ilichomwa moto mbele ya mkutano wao. Serikali ilikuja kuipokea nyumba 1962, ikaikarabati na kuifungua kama makavazi 1972. Sherehe za Februari, mashindano ya watoto, yule mwigizaji wa koti jeusi, hakuna hata kimoja ambacho kingekuwa na mahali pa kufanyikia kama Helen angechukua pesa akaondoka.

Mwigizaji ni wa Frederick. Sijui ningehisije nikifika pale nikute siku moja wamemvalisha mtu kama Anna, amekaa kimya akishona nguo za baharia, au kama Helen na karatasi za deni mezani. Ningekaa kumsikiliza huyo kwanza.

Juzi nilimpigia shosho nikamwambia stori yote hii, kisha nikamuuliza, kama angechagua siku yake, angechagua ipi. Alinyamaza mpaka nikadhani kredo imeisha. Akasema alizaliwa wakati wa kuvuna maharagwe, hilo aliambiwa na mamake, na mwaka huo maharagwe yalikuwa mengi. Nikamuuliza ni mwezi gani huo. Akaniambia wewe mtoto wa mjini hata hujui maharagwe huvunwa lini.